Dawa ya Homa Hupimwa kwa Kilo

Kwa mjukuu wangu,

Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza ya homa na maumivu kwa mtoto. Wengi huiita panadol hata kama chupa ina jina jingine. Ikipimwa sawasawa, ni vigumu kupata dawa nyingine ya nyumbani iliyo salama kama hiyo. Ikizidishwa huharibu ini. Kipimo chake hufuata uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Homa kuwa kali hakuongezi dozi hata tone. Uzito wa karibuni umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo kadi hutolewa kabatini kabla ya chupa kufunguliwa.

Matatizo mengi huanzia dukani. Chupa zinafanana, maboksi yana picha ya mtoto yule yule anayecheka, lakini nguvu ya dawa ni tofauti. Nyingine ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine 250 katika mililita 5 hizo hizo, na zipo za matone zenye miligramu 100 katika kila mililita 1. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Mililita 5 za chupa ya kwanza zinampa 120, na hapo yuko sawa. Za chupa ya pili zinampa 250, ameshazidishiwa. Mililita 5 za ile ya matone ni miligramu 500, kidonge kizima cha mtu mzima, na akipewa hivyo mara 4 kwa siku anafikisha miligramu 200 kwa kila kilo, kiwango cha kumlaza wodini. Mama anaweza kuwa hajakosea idadi ya vijiko, amebadilisha chupa tu. Kwa hiyo muuza dawa aulizwe kuna miligramu ngapi katika mililita ngapi, na asiyeweza kujibu swali hilo hastahili kuuza dawa ya mtoto.

Kijiko cha jikoni nacho hakiaminiki. Kimoja hubeba mililita 3, kingine kinakaribia 7. Kipimo cha kuaminika ni kile kikombe au kijiko cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi, na kizuri zaidi ni bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo duka la dawa huliuza kwa bei ndogo. Mtoto huketishwa, dawa ikasukumwa taratibu upande wa ndani wa shavu. Kumlaza chali na kumbana pua ili ameze ni kumpalia.

Hatari nyingine ni dozi inayojificha. Dawa nyingi za maji za mafua na kikohozi zina parasetamoli ndani yake, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Mtoto akipewa dawa ya homa na juu yake dawa ya mafua, amepewa kitu kimoja mara mbili. Parasetamoli iliyozidi ni sumu isiyo na haraka: siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo tu au kuonekana mzima kabisa, ilhali ini linaendelea kuumia. Dawa ya kuizuia ipo, inaitwa asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Aliyezidishiwa hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo bila kungojea dalili.

Ibuprofeni hushusha homa na kutuliza maumivu vizuri, ila ina masharti zaidi. Haifai kwa mtoto wa chini ya miezi 3, wala kwa anayeharisha na kutapika hadi kukaukiwa maji, kwa sababu figo zake zitaumia. Mwenye tetekuwanga huepushwa nayo. Panaposhukiwa homa ya dengi, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ibuprofeni na aspirini zote huwekwa kando, maana huongeza hatari ya kuvuja damu.

Aspirini haina nafasi nyumbani kwa mtoto, na sababu yake ina historia. Mwaka 1963 Douglas Reye, daktari wa Sydney, Australia, na wenzake walieleza ugonjwa uliovimbisha ubongo na kujaza mafuta kwenye ini la watoto waliokuwa wakielekea kupona mafua au tetekuwanga. Baadaye ilionekana kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wamepewa aspirini. Marekani iliandikisha wagonjwa 555 katika msimu wa 1979 na 1980. Onyo lilipotangazwa na wazazi wakaacha kuitumia, idadi ilishuka hadi mmoja au wawili kwa mwaka. Uingereza iliizuia kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 1986, kisha mwaka 2002 ikapandisha umri huo hadi 16. Aspirini ya mtoto huandikwa na daktari peke yake, kwa magonjwa machache. Ugumu uliobaki ni kwamba baadhi ya vidonge vya kichwa vinavyouzwa kimoja kimoja kioskini vina aspirini ndani, na kikishakatwa kutoka kwenye karatasi yake hakuna wa kujua.

Kuna pia wazazi wasioridhika mpaka mtoto achomwe sindano ya homa. Mara nyingi sindano hiyo ni diklofenaki, dawa ya jamii moja na ibuprofeni, na homa ya kawaida haiihitaji. Sindano ya makalio ikichomwa pasipo pake huweza kujeruhi mshipa wa fahamu, mtoto akabaki anaburuta mguu. Anayeweza kumeza apewe ya kumeza.

Wakati mwingine kosa liko kiwandani. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walifariki Gambia baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi na mafua zilizotoka India. Wazazi waliona mkojo umekatika. Figo zilikuwa zimekufa. Mwaka huo huo Indonesia ilipoteza watoto zaidi ya 200, na baadhi ya chupa zilizohusika zilikuwa za parasetamoli. Dawa ya maji huhitaji kimiminika cha kuiyeyusha, na pale msambazaji anapoingiza cha viwandani badala ya kile safi cha dawa, hupenya dayethilini glaikoli, sumu yenye utamu ambayo hutumika hata kwenye maji ya breki. Ulimi hauwezi kuitambua. Aprili 2024 Nigeria ilitangaza kuikuta katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania na Rwanda zikaamuru toleo hilo liondolewe madukani. Mzazi hana maabara, lakini anaweza kununua kwenye duka lililosajiliwa, kukagua namba ya toleo na tarehe, na kumwahisha kwa daktari mtoto aliyeanza dawa kisha akaacha kukojoa. Dawa za kikohozi zenyewe hazimsaidii sana mtoto mdogo, kwa hiyo kuziacha si hasara.

Homa yenyewe si adui wa kukimbizwa kila inapotokea. Mtoto mwenye nyuzi 38 anayecheza na kunyonya anaweza kuachwa bila dawa, akapunguziwa nguo na kupewa vinywaji. Kumwagia maji ya baridi humtetemesha tu. Parasetamoli hutolewa kwa ajili ya maumivu na kutaabika, haizuii degedege. Degedege likija, mtoto hulazwa ubavu, haingizwi kijiko wala dawa mdomoni, na hafukizwi moshi.

Wala parasetamoli haitibu malaria. Inashusha joto kwa saa chache, mtoto akaamka na kuomba uji, na vijidudu vikaendelea kuongezeka kwenye damu. Mwenye homa katika maeneo ya malaria hupimwa damu ndani ya saa 24, hata kama joto limeshuka. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayelegea na kusinzia asiamke, hupelekwa hospitali bila kusubiri kipimo cha mtaani. Kichanga ambaye hajatimiza miezi 2 hahitaji hata dalili hizo: homa peke yake inatosha kumpeleka, usiku au mchana, bila kupewa dawa yoyote nyumbani kwanza.

Ni mimi,
Bibi yako