Dodoma na Watoto Wadogo: Kwa Nini Nafikia Ihumwa

Safari ya mjini na watoto wadogo mara nyingi huharibikia mezani, kabla hata nguo hazijapangwa, pale mzazi anapoorodhesha mambo ya kuona na kuisahau saa ya mtoto kulala. Kwa hiyo safari ya Dodoma naianza kwa kutafuta mahali pa kufikia, na vivutio navipanga baadaye. Chaguo langu ni Ihumwa, kata iliyo mashariki mwa jiji kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Najua wengi watashangaa, maana mgeni wa Dodoma hutafuta chumba karibu na Bunge au stendi. Hoja yangu ni kwamba kwa familia yenye mtoto wa miaka miwili na mwingine wa mitano, utulivu wa kituo una thamani kuliko ukaribu wa vivutio.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye kalenda. Shule hufunga mwanzoni mwa Juni na kufungua mwezi wa saba. Juni hiyohiyo Bunge limo katika mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili na kwisha mwishoni mwa Juni. Wabunge, maofisa wa wizara, madereva na wageni wao wote wanahitaji pa kulala, na vyumba vya katikati ya mji hugombewa. Familia inayong'ang'ania mjini wakati huo hujikuta ikilipia chumba kimoja kisicho na ua, na mtoto asiye na ua siku nzima huimaliza likizo ya kila mtu. Ihumwa bado kuna nafasi: nyumba zenye uzio, ardhi tambarare na miti ya kivuli.

Kutoka Dar es Salaam nachukua treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024. Kwa nauli zilizotangazwa mwaka huo, mtu mzima wa daraja la kawaida alilipa shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na wa chini ya miaka 4 hakulipa. Kuna pingamizi la haki hapa: treni inakushusha stesheni ya jiji, halafu inabidi kurudi mashariki kwa bajaji au teksi, wakati basi linapita Ihumwa penyewe na konda anaweza kukushusha kando ya barabara. Hata hivyo, basi ni safari ya kutwa, mtoto akiwa mapajani na choo kikisubiri hadi dereva asimame. Kwenye treni mtoto anatembea, anakwenda chooni anapobanwa, na anafika bado ana hamu ya kucheza. Kipande kile cha kurudi nyuma ni gharama ndogo kwa faida hiyo.

Swali linalofuata ni la umbali: kila siku kwenda mjini na kurudi si usumbufu? Ingekuwa hivyo kama mji ungekuwa na msongamano wa upande mmoja na sisi, lakini hapa jiografia inatusaidia. Mji wa Serikali uko Mtumba, jirani na Ihumwa. Asubuhi watumishi wanatoka mjini kuja huku, sisi tunakwenda kule. Ofisi zikifungwa saa tisa na nusu alasiri, wao wanarudi mjini, na sisi tumesharudi tangu mchana. Kanuni yangu ni asubuhi moja, mahali pamoja. Leo Chinangali, penye michezo ya watoto. Kesho Nyerere Square, na kupita kuutazama Msikiti wa Gaddafi. Siku nyingine naelekea kaskazini, bwawa la Hombolo, kwa kutazama tu. Maji ya bwawa ni ya kuogopwa kwa sababu ya kichocho. Michoro ya mapangoni ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, naiacha mpaka wakue: ni saa nyingi za barabara, kisha kupanda mawe.

Saa za alasiri ni za Ihumwa yenyewe, na hapo ndipo mtoto wa Dar anapata jambo jipya. Ubuyu anaoujua ni ule mwekundu wa kwenye mfuko, wenye sukari na rangi mdomoni. Hapa anaokota tunda zima chini ya mbuyu, ganda lake lina manyoya laini kama mahameli. Likigongwa kwenye jiwe hupasuka, ndani kuna unga mweupe mkavu ulioshikamana na mbegu, umefungwa na nyuzi nyekundu. Anauonja, anakunja uso kwa uchachu, anaomba mwingine.

Siwezi kudai kuwa Ihumwa ni pepo. Hapa ndipo bandari kavu ilipo, na barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, yenye kilomita 112, inapita hapa. Malori ni mengi na upepo wa kiangazi unabeba vumbi. Dawa ni kuchagua nyumba iliyo mbali na barabara kuu na kumshika mtoto mkono kila mnapoivuka. Usiku wa Juni, kwenye uwanda wa juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ni wa sweta na soksi, na midomo hupasuka bila mafuta ya mgando. Kabla ya kulipa, namuuliza mwenye nyumba juu ya simtanki, kwa sababu maji ya bomba huweza kukatika.

Wapo watakaosema kwa fedha hiyo bora Zanzibar. Kwa mtoto wa Singida nakubali. Mtoto wa Dar ana bahari mwaka mzima. Anachokosa ni uwanda, baridi na nafasi. Fedha zikipungua, napunguza siku. Ua na simtanki sivigusi.