Mjomba Hakuiona Burma

Nilikuwa mtoto wa shule pale Majengo, Mombasa, mjomba wangu alipokuja kutuaga, mwanzoni mwa Februari 1944. Kijana wa Taita, kitinda mimba wa kwao mama, askari wa mizinga katika Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Mtaani kila askari aliitwa keya, jina la askari wa miguu, jambo lililomuudhi. "Mimi si keya," alisema, "mimi ni wa mzinga."

Jioni ile alivua buti zake, akakaa mlangoni kuzipaka mafuta kwa kitambaa, polepole, hata kwenye vitundu vya kamba. Kisha akamuuliza baba, aliyekuwa kuli Kilindini: "Shemeji, meli ikizama mtu hufanyaje?" Baba akajibu, "Huogelea." Mjomba akacheka sana. Mito ya milimani kwao ilimfika magotini. Mama hakucheka, alimkemea mumewe kwa Kitaita.

Yeye na wenzake walipakiwa kwenye Khedive Ismail, mojawapo ya meli tano zilizokwenda Colombo, njia ya kwendea vita vya Burma. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliipiga topido mbili. Meli ilizama kwa dakika zipatazo mbili. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Waliookolewa hawakufika 300. Na baadhi ya waliokuwa wakielea waliuawa na mabomu ya manowari za Uingereza zenyewe, zilizokuwa zikiiwinda nyambizi pale pale walipokuwa wakitapatapa. Wajuao vita husema hapakuwa na budi, kwani nyambizi ingezamisha na meli nyingine. Huenda ni kweli. Mimi bado inanikereketa.

Hayo niliyasoma nimekwisha kustaafu. Wakati ule ilikuja barua fupi tu: amefia baharini. Bibi, mamake mjomba, alikataa matanga. "Nimlilie nani, na maiti sijaiona?" Vita vilipokwisha na askari wakaanza kurudi, akawa anateremka mlimani hadi stesheni ya Voi kuwatazama wakishuka kwenye treni. Aliwauliza mmoja mmoja. Walikuwa na mengi ya kusimulia: bonde la Kabaw huko Burma, mvua isiyokatika, ruba, malaria. Habari za watu wa 301 hakuna aliyekuwa nazo. Tangu hapo, ukitaja vita vile kwetu, watu husema Burma, na waliomezwa na maji njiani hawatajwi. Bibi alikufa bila kumwekea matanga mwanawe.

Askari wa 301 waliopotea na meli ile wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita, Barabara ya Ngong, Nairobi. Kama katika ukoo wenu yuko kijana wa mizinga aliyeondoka Kilindini mwaka ule asirudi, nenda kamtafute pale. Nenda na watoto, nao walijue jina lake.