Kofia Tisa na Mashine ya Kadi



Duka letu limo katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye mojawapo ya vichochoro vinavyoelekea Ngome ya Yesu. Tulilirithi kutoka kwa mama yetu, Allah amrehemu, nasi ni ndugu watatu, sote wanawake. Twauza vikoi, kanga na kofia zilizoshonwa kwa mkono. Kofia hatuzishoni wenyewe. Hutuletea kina mama wanaozishonea majumbani mwao, wengine hapa Mombasa na wengine Lamu, na kofia moja nzuri yaweza kumchukua mshonaji mwezi na zaidi. Mama alituusia kwamba fedha ya kofia si ya mwenye duka mpaka mwenye sindano awe amekwisha kupata yake. Wasia huo ndio uliotutia katika mtihani tunaotaka kuusimulia hapa, kwani twajua dada zetu wengi wanaouza mabuibui, halwa na viungo, au wanaokodisha vyumba kwa wageni, wako njiani kuingia tulimoingia sisi.

Kwa miaka mingi tulipokea fedha taslimu. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2007, hatukukawia kuizoea. Kadi hatukuzitaka. Wageni wakiuliza kama twazipokea, tulitikisa vichwa, nao wakairudisha kofia rafuni na kwenda zao. Miaka mitatu iliyopita tulichoka kuzitazama kofia zikirudi rafuni, tukaenda benki kuomba mashine. Tulitia saini mkataba wa kurasa nyingi bila kuusoma hadi mwisho, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Ndugu msomaji, mashine ile ndogo ina mambo mengi ndani yake. Mgeni anapoiingiza kadi na kubonyeza nambari yake ya siri, habari huenda kwanza kwenye benki yetu sisi wauzaji. Kutoka hapo hupita katika mtandao wa kampuni ya kadi, kama vile Visa au Mastercard, hadi kwenye benki iliyompa mgeni kadi yake, iwe London au Nairobi. Benki ile hutazama kama kadi ni halali na kama kiasi kinatosha, kisha hurudisha jibu kwa njia ile ile. Yote hayo huisha kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu. Lakini karatasi inapotoka mashineni, fedha bado hazijatufikia. Tulichopewa ni ahadi. Jioni twafunga hesabu ya siku, benki zinalipana zenyewe kwa zenyewe, na baada ya siku moja au mbili fedha huingia katika akaunti yetu zikiwa zimepungua. Katika mkataba wetu, hukatwa shilingi tatu kwa kila mia. Sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi, nyingine kwa kampuni ya kadi, na iliyobaki kwa benki yetu.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani kama linavyodhaniwa. Wazee wetu walijua hawala na hundi: mtu aliweka fedha mji mmoja, mwenzake akazipokea mji mwingine kwa karatasi na kwa kuaminiana. Walijua pia mali kwa kauli, ambapo bidhaa huondoka dukani kwa neno la mtu tu. Kadi yenyewe ilianza hivyo hivyo. Kadi ya Diners Club ilianzishwa New York mwaka 1950 ili watu waweze kula mkahawani na kulipa baadaye. Na ile iliyotolewa na Bank of America huko California mwaka 1958 ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Tofauti ni kwamba wazee wetu walimjua wanayemwamini, ilhali sisi twamwamini mtu tusiyemjua kwa sababu benki mbili zimesimama katikati.

Kabla ya kuanza, tuliingiwa na shaka ya riba. Kadi ya kawaida ya benki hutoa fedha za mwenyewe zilizomo katika akaunti yake. Kadi ya mkopo hutoa fedha za benki, na mwenye kadi asipozilipa zote kwa wakati, riba huanza kuhesabiwa. Je, tukiipokea kadi ya namna hiyo, tumeshiriki? Tulimwendea mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu. Alitufahamisha kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha kumi na mbili kilichofanyika Riyadh mwaka 2000, ililitazama suala hili. Ilikataza kadi ya mkopo yenye sharti la riba, lakini iliruhusu benki iliyotoa kadi kuchukua ada kutoka kwa mfanyabiashara, kwa sharti kwamba mfanyabiashara auze kwa kadi kwa bei ile ile anayouzia kwa fedha taslimu. Tulifurahi kusikia kwamba yaruhusiwa. Sharti tulilisikia kwa sikio moja tu.

Kwani tulipoona shilingi tatu zikikatwa katika kila mia, tulianza kuziongeza kwenye bei ya kila aliyelipa kwa kadi. Tuliona ni haki: aliyeleta gharama na aibebe. Miezi minne baadaye mwalimu yule yule alikuja kununua kikoi, akamkuta mgeni akilalamika kwa nini bei imepanda baada ya yeye kuitoa kadi. Mwalimu hakutukaripia mbele ya mgeni. Alingoja mpaka mgeni akaondoka, kisha akatuuliza kwa upole, "Binti zangu, lile sharti nililowaeleza mliliacha wapi?" Tulikwenda kuusoma mkataba wetu, na humo mlikuwa na katazo lile lile, limeandikwa waziwazi. Wateja tuliowajua tuliwarudishia ziada yao. Wale tusioweza kuwapata, tulizitoa fedha zao sadaka. Tangu siku hiyo makato ya kadi twayahesabu kama kodi ya duka na umeme, na bei yetu ni moja kwa kila mtu.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja kabla ya Ramadhani iliyofuata. Mtu alitupigia simu kutoka ng'ambo, akatoa salamu vizuri, akaagiza kofia tisa. Alitusomea nambari za kadi yake, na zile nambari tatu zilizo nyuma, nasi tukaziandika zote katika daftari. Malipo yalikubaliwa: shilingi 36,000. Baada ya siku mbili fedha zikaingia, tukawalipa washonaji wanne waliozishona kofia zile, tukaufunga mzigo vizuri na kuupeleka posta.

Wiki saba baadaye barua ikaja kutoka benki. Mwenye kadi halisi alikuwa amesema kwamba hatujui na hakununua kitu kwetu. Nambari zake zilikuwa zimeibwa. Tulipeleka risiti ya posta, lakini haikutufaa, kwani ilithibitisha tu kwamba mzigo uliondoka; haikuthibitisha kwamba aliyeagiza ndiye mwenye kadi. Shilingi 36,000 zikatolewa katika akaunti yetu. Kofia tisa hatukuziona tena.

Mwanzoni tuliilaumu benki. Baadaye tulielewa kwamba yule mwenye kadi naye ni mtu aliyedhulumiwa, na kurudishiwa mali yake ni haki. Tulielewa pia tulichopaswa kukijua tangu awali: kadi inapoingizwa mashineni mbele yetu, na mwenyewe akabonyeza nambari yake ya siri, hasara ya wizi kwa kawaida haituangukii sisi. Lakini kadi inaposomwa kwa simu, muuzaji ndiye anayeibeba hatari yote, hata kama mashine imekubali. Kukubaliwa kwa malipo si uthibitisho wa nani yuko upande wa pili.

Usiku huo tulikaa na daftari la hesabu. Mmoja wetu alipendekeza kwamba washonaji wakatwe kidogo kidogo katika kazi zijazo, kwa kuwa hasara ni ya wote. Ilikuwa rahisi kukubali. Ramadhani ilikuwa mlangoni na watoto walikuwa wakisubiri nguo za Idd. Dada yetu mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Aliyeshona amekwisha kuitimiza amana yake. Sindano yake haikuandika nambari za mtu asiyemjua." Hatukuwa na la kumjibu. Tuliiacha faida yetu ya miezi mitatu, na Idd ile watoto wetu walivaa nguo za mwaka uliopita, zilizofuliwa na kupigwa pasi.

Siku hizi twaitumia bado ile mashine. Hatusomi kadi kwa simu. Kadi ya mteja haiondoki machoni pake. Nambari tatu za nyuma haziandikwi popote, na ukurasa ule wa daftari tuliuchoma. Risiti twaziweka kwa tarehe, kwani Qur'ani tukufu katika Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamuru kuandika madeni, nasi tumeona kwa macho yetu hikima ya amri hiyo. Jirani akituomba tupitishe kadi yake bila kununua kitu ili tumpe fedha taslimu, twamkatalia kwa upole, kwani hiyo ni bei ya kitu kisichokuwapo.

Habari za hasara yetu hatukuzitangaza, lakini Mji wa Kale hauna siri. Wiki moja baada ya Idd, mshonaji mmoja, mama mtu mzima ambaye macho yake yameanza kuchoka, alifika dukani na kofia mbili ndani ya mfuko. Tulipotaka kumlipa, aliukataa mkono wetu. "Ziuzeni kwanza," akasema. "Hizi nawapa mali kwa kauli."

Tuliziweka rafu ya juu kabisa. Ziliuzwa ndani ya mwezi huo huo, na jioni ile ile, kabla benki haijatutumia chochote, tulimpelekea fedha zake nyumbani.

Wabillahi tawfiq.