Ibada ya Nyasini

Treni ya TAZARA haina haraka. Ilituondoa Dar es Salaam siku ya Ijumaa, na Jumapili ikatukuta tungali behewani, tumeshaivuka Mpika upande wa Zambia. Mimi ni mzee wa kanisa wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, mzaliwa wa miteremko ya Kilimanjaro, na Jumapili isiyo na kengele wala joho la mchungaji nilikuwa siijui. Nilikwisha kujiambia kuwa wiki hii ibada imenipita. Asubuhi hiyo mama mmoja mfanyabiashara wa Tunduma, aliyekalia furushi lake la vitenge, akaanzisha pambio. Wabemba waliomkabili wakalipokea kwa Kibemba, maana sauti waliijua. Kijana mmoja akafungua Biblia ya kwenye simu, akasoma, akaeleza kidogo, tukaomba. Muuza ndizi alipofika katikati yetu alisimama, akavua kofia, akangoja amina, ndipo akaendelea kunadi. Haikufika hata nusu saa, lakini nilijisikia nimesali kwelikweli, nikashangaa.

Niliitwa na dada yangu wa tumbo moja, aliyeolewa Harare. Kutoka Kapiri Mposhi nilipanda basi hadi Lusaka, na kutoka Lusaka hadi Chirundu, ambako Mto Zambezi ndio mpaka. Ukishavuka daraja na kumaliza foleni ya kugonga mihuri, barabara inaanza kupanda milima kwa kona kali, na joto la bondeni unaliacha nyuma. Ulikuwa Septemba. Miti wanayoiita msasa, jamii ya miombo yetu ya Tabora, ilikuwa inachipua majani mekundu, mlima mzima umegeuka rangi ya shaba. Nilibandika uso kwenye kioo kama mtoto.

Shemeji alinipokea kituoni kwa namna iliyonipa butwaa. Kwetu shemeji ni mtu wa kutaniana naye. Kwa Washona kaka wa mke ni mkwe wa kuheshimiwa, na mtu mzima huyu, mwenye mvi kunizidi, aliinama akanipigia makofi ya polepole, viganja vimenyooka, akaniita tezvara, ndipo akaniuliza habari za safari. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Siku ya Ijumaa alinichukua kunionyesha mji. Tulipotoka katikati ya jiji kuelekea vitongojini, kwenye viwanja visivyojengwa, kati ya nyasi kavu na mawe, niliona watu wamevaa kanzu nyeupe, wameketi chini makundi makundi. Mbele tena, kundi jingine. Ng'ambo ya barabara, jingine. Hapakuwa na turubai, wala kipaza sauti, wala kibao cha jina.

"Ni vapostori, yaani mitume, tezvara," akasema shemeji. "Leo ni Ijumaa. Shangazi yangu yupo pale. Ukitaka, twende."

Nilitaka. Njiani akanipa historia, na mengine niliyapata baadaye kwa kusoma. Mwaka 1932, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kusini, walitokea wahubiri vijana wawili, wote wakiitwa Johane, ndiyo Yohana wa huko. Mmoja ni Johane Marange, ambaye kanisa lake lilivuka mipaka hadi Kongo, nalo husali Jumamosi. Wa pili alizaliwa Shoniwa Masedza mwaka 1914, akaugua, akapata maono, akaanza kuhubiri nyikani, na watu wakamwita Johane Masowe, yaani Yohana wa Nyikani. Serikali ya kikoloni ilimsumbua kwa polisi. Baadhi ya wafuasi wake walihamia Port Elizabeth, Afrika Kusini, wakaishi kwa kusuka na kuuza vikapu. Mwaka 1962 walifukuzwa huko, wakaja Lusaka, na wengine wakafika hadi Nairobi. Johane mwenyewe alifariki Ndola mwaka 1973. Wafuasi wake wako katika matawi zaidi ya moja. Hawa niliowaona ni wale wa Ijumaa.

Tulivua viatu mbali kidogo na kundi, na saa za mkononi pia. Ardhi ilikuwa ya moto na miba midogo ilinichoma nyayo. Shangazi akaja kutulaki, bibi mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, akanionyesha upande wa wanaume. Wote walielekea mashariki. Hapo nikamkumbuka babu yangu, aliyebatizwa akiwa mtu mzima na watoto tayari, lakini hadi anakufa aliomba akigeukia kilele cha Kibo. Yule mwanamke Msamaria wa kisimani naye hoja yake ilikuwa hiyo hiyo: tuabudu kwenye mlima upi, huu wa kwetu au Yerusalemu? Yesu akamweleza kwamba inakuja saa ambayo swali hilo litakwisha kazi.

Hakukuwa na ngoma, kinanda wala kitabu cha nyimbo. Sauti moja ilianza upande wa wanawake, chini kabisa, kisha ikashikwa na wanaume kwa besi, na kabla sijajua kinachoendelea uwanja wote ulikuwa unaimba. Daladala zao zilipita barabarani zikipiga honi, mbuzi wa mtu wakakatiza pembeni, na hakuna aliyegeuza shingo. Kwetu mbuzi akisogelea mlango wa kanisa mzee wa zamu hutoka na fimbo. Nilingoja kapu la sadaka lipite, halikupita. Nimetoka usharika ambao baada ya ibada tunanadi ndizi, mayai na jogoo mpaka saa nane mchana ili tupate fedha za mabati, kwa hiyo hilo lilinikaa moyoni kuliko nyimbo.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba hapakuwa na Biblia hata moja. Watu hawa hawaisomi. Wanasema Mungu anazungumza nao moja kwa moja kwa Roho, kupitia manabii wao. Mimi nimelelewa kwa Katekisimu Ndogo ya Luther, na katika hili sikubaliani nao, wala sitakubaliana. Roho bila Neno la kumpima, nani atatuambia nabii anasema ya Mungu au ya kwake?

Ibada ilipokwisha, shangazi alinifungulia kiganja. Ndani yake kilikuwemo kijiwe, cha rangi ya kahawia, duara kidogo, kipana kuliko punje ya hindi, kimelainika kwa kushikwashikwa. Kimeombewa, akasema, naye hukishika wakati wa kuomba. Nikamuuliza kina nguvu gani.

"Ni jiwe, mwanangu," akajibu, shemeji akitafsiri. "Hata wewe umeyakanyaga mengi ulipokuwa unakuja."

Nilimpenda bibi yule. Lakini ningekuwa namdanganya msomaji nikiishia kwenye uzuri tu. Yapo makundi ya vapostori yanayokataza hospitali na chanjo. Mwaka 2022 surua iliua zaidi ya watoto 700 Zimbabwe, wengi wao wa familia ambazo hazikuchanja kwa sababu ya imani. Mungu anayekutana na watu penye nyasi hakosi kuwepo wodini, na inaniuma kwamba watu walioona wazi hivyo kuwa Mungu hafungwi na kuta wamemfungia nje ya kuta za zahanati.

Jumapili dada alinipeleka kwao, katika kanisa kuu la Kianglikana la St Mary and All Saints, jengo la mawe jirani na Africa Unity Square. Hapo nilipumua. Kuna nguzo, kuna kwaya, mwangwi unaurudisha wimbo kutoka juu. Nikamwambia dada kwamba hili ndilo kanisa. Akanitazama.

"Kaka, unajua tulifungiwa nje ya hili kanisa miaka mitano?"

Nilikuwa sijui. Mwaka 2007 aliyekuwa askofu wa dayosisi alijitenga na jimbo lake akayashika majengo, na polisi wakawa wanawazuia waumini wasiingie. Wakasali kwenye kumbi za shule, kwenye nyua za watu, chini ya miti. Novemba 2012 mahakama ya juu ikaamua mali irudishwe, na Desemba wakaingia tena. Dada alinisimulia hayo tukiwa bado kwenye benchi, kwa sauti ya chini. Mtoto wake wa mwisho alibatizwa uani kwa jirani, maji yakiwa kwenye bakuli la kuoshea mboga. Kila mtu alikuja na kigoda chake kichwani. Waliozoea kuja Krismasi na Pasaka tu walianza kuja kila wiki.

"Hamkuona aibu?" nikauliza. "Bakuli la mboga?"

"Aibu ya nini? Mchungaji aliliombea, mtoto akalia, tukapika. Tulivyorudi humu nililia kwa furaha, nalipenda jengo hili. Lakini usiniambie kwamba miaka ile Mungu alibaki humu ndani na wao, sisi tukiwa nje."

Kwetu, chini tambarare, tuna mtaa ambao msingi wake wa kanisa ulichimbwa zamani na umeota magugu. Wazee na wajawazito wa huko wanapanda kilima kila Jumapili hadi usharikani, na jibu letu siku zote limekuwa kwamba ibada itaanza mabati yakipatikana. Mimi ni miongoni mwa wanaolitoa jibu hilo. Kwenye basi la kurudi Lusaka nilimwandikia mchungaji barua: tuanze Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwenye kiwanja kilekile, chini ya mringaringa, na mnada tuufanyie palepale. Michango ya ujenzi iendelee. Na madawati yasitusumbue kwa sasa, kila mtu aje na kigoda chake.