Kelele Chini ya Kilima

Kura yangu ya kwanza niliipiga hapa Goma, Kongo, mwaka 1970. Karatasi zilikuwa mbili: ya kijani ya kumkubali Rais Mobutu, nyekundu ya kumkataa, na kila aliyekuwepo aliona umeshika ipi. Kura za kukataa zilizotangazwa nchi nzima zilikuwa 157. Mpaka leo natamani kukutana na mmoja wa hao watu.

Miaka michache baadaye, nikisoma Brussels, rafiki alinipeleka klabu ya sinema kutazama filamu ya Jean-Marie Straub na Danièle Huillet, iliyotokana na *Othon*, tamthilia ya Mfaransa Corneille. Filamu hiyo imetolewa kwa heshima ya wale waliozaliwa ndani ya Kifaransa wasipate bahati ya kumjua Corneille. Sisi tulizaliwa nje yake, tukamjua kwa fimbo: shuleni ulikariri beti zake, na lafudhi ya nyumbani ikikuponyoka, unachapwa. Sasa nawaona Waitaliano ndani ya toga wakiyamwaga maneno yale yale mbiombio, kwa lafudhi zao, bila haya. Watu wakaanza kutoka ukumbini. Mimi nilicheka hadi nikanyamazishwa.

Kisa ni cha Roma ya mwaka 69 baada ya Kristo. Kaisari Galba amezeeka, hana mrithi. Wakubwa wananong'onezana nani apewe kiti, na binti yupi aolewe na nani ili kisiwatoke. Filamu ilipigwa mwaka 1969, sehemu kubwa juu ya kilima cha Palatino, juani, magari ya Roma yakinguruma huko chini. Raia wa Roma hawaonekani. Kwangu mimi, ngurumo ile ndiyo wao.

Niliikumbuka filamu ile mapema Novemba 1996, askari wa Mobutu walipokimbia, waasi wa AFDL na jeshi la Rwanda wakaingia mjini. Kasri la Mobutu kando ya ziwa likabaki bila mwenyewe. Redio zilieleza nani amekutana na nani. Sisi huku mtaani Birere tulisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, tukitafuta unga. Galba aliuawa na walinzi waliohongwa na Othon, mmoja wa wakubwa wale, na mwaka ule Roma ikaona makaisari wanne. Goma imewaona AFDL, kisha waasi wengine: RCD mwaka 1998, M23 mwaka 2012, na M23 tena Januari 2025.

Juzi niliwaonyesha wajukuu filamu ile. Wakalalamika kwamba watu wanaongea tu. Nikawaambia wasikilize kelele za chini. Mkubwa wao akasikiliza kidogo, akauliza, "Babu, mbona hao wa chini hawapandi kilimani?"