Nani wa Kumwambia Kwamba Sina Raha?

Hapa England mtu akikosa raha huanza na dodoso. Maswali ni tisa: katika wiki mbili zilizopita, usingizi ulikupaa? Hamu ya kula ilipotea? Ulijiona hufai? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Si lazima upitie kwa daktari. Unajiandikisha mwenyewe kwenye huduma ya tiba ya mazungumzo ya NHS, mfumo wa afya wa umma, iitwayo Talking Therapies, kisha unasubiri, pengine wiki kadhaa. Zamu yako ikifika, mtu usiyemjua anakusikiliza kwa muda uliopangwa. Muda ukiisha umeisha, hata kama machozi ndiyo kwanza yameanza.

Ukiwasimulia watu wa Dar es Salaam watacheka. Huzuni ya miadi! Kwetu, usipoonekana siku mbili, jirani anabisha hodi. Shangazi anapigiwa simu, shehe au mchungaji anatumwa. Watu hao nawaheshimu, wamewainua wengi.

Ila wamezoea huzuni yenye sababu. Ukifiwa, ukiachwa au ukifukuzwa kazi, watakesha nawe. Sasa jaribu kusema kwamba kazi unayo, watoto wazima, kodi umelipa, na bado maisha hayana ladha. "Mshukuru Mungu, mwanangu, wenzio wanalala njaa." Kama hujaolewa, dawa ni kuolewa. Na kabla ya Isha habari zako zimeshafika mtaa wa pili.

Sisi tulio nje tumeongezewa mzigo. Nani nyumbani ataamini kwamba mtu wa Ulaya, anayetuma ada kila muhula, hana raha? Basi tunajibu "salama tu", tunauliza hali ya bibi, tunakata simu.

Ninachokithamini huku ni kwamba hakuna anayekudai msiba kwanza ndipo akusikilize. Halafu kutunza siri yako ni sehemu ya kazi ya msikilizaji wako. Haitoi ila akiona maisha ya mtu yako hatarini.

Wazimbabwe wameunganisha pande zote mbili. Tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Wana dodoso, wana mafunzo, lakini ni bibi wanaojua bei ya unga na maudhi ya wakwe. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa benchini walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Zanzibar mpango huo umeshafika. Mimi ningeutaka katika kila zahanati ya Bara, kwa sharti moja: bibi mwenye kupeleka maneno asipewe benchi.

Nawe uliye Uingereza, usingoje hadi upate sababu ya kueleweka nyumbani. Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, wanapokea simu usiku na mchana kwa namba 116 123. Ni bure, na hawakulazimishi kutaja jina.