Dawa ya Kifua

Msomaji, ukiugua kifua hapa Bondeni, mjini Nakuru, hukosi jirani wa kukuletea kipande cha gome. Wakikuyu huliita muthiga, na Wamaasai osokonoi. Ni kali kama pilipili, na ukilitafuna koo hupata nafuu. Silidharau. Wachina walichemsha mmea uitwao mahuang kwa ajili ya pumu karne nyingi kabla ya mwaka 1885, ambapo Nagai Nagayoshi, Mjapani, alitoa ndani yake efedrini, dawa iliyoingia katika hospitali za dunia.

Lakini kichomi si mafua. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, usingoje sufuria ichemke. Mchukue hospitali saa ile ile. Na asali, isifiwayo mno na wazee wetu, asionjeshwe kamwe aliye chini ya mwaka 1.

Ufikapo, mtajie daktari kila gome na kila mzizi alioupata mgonjwa, maana efedrini ile ile ifunguayo kifua huuendesha moyo mbio. Akikukunjia uso, mtajie vivyo hivyo.